Binti yangu ana baridi yabisi. Je, arudi kucheza?

Swali

"Binti yangu ana miaka 11. Miezi saba iliyopita aligundulika kuwa na baridi yabisi ya watoto kwenye magoti yote mawili na kifundo cha mguu wa kulia. Anachomwa sindano ya methotreksati kila wiki na uvimbe umepungua sana. Kabla ya kuugua alikuwa mchezaji wa netiboli wa kutegemewa. Sasa ndugu wananiambia asikimbie wala kuruka, maana atayamaliza magoti. Daktari alisema tu afanye mazoezi. Mwenyewe analia wenzake wakienda uwanjani, lakini kuna siku akicheza anarudi analalamika. Afanye mazoezi gani, kwa kiasi gani, na nitajuaje kwamba tumezidisha?"

Jibu

Mama, pole kwa miezi hii saba. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo kwa watoto, na swali lako naulizwa na karibu kila mzazi, mara nyingi kwa sauti ya chini, mtoto akiwa ametoka nje. Jibu langu ni kwamba arudi kucheza, na mazoezi yapangwe kwa uzito uleule mnaoipa sindano. Kuna hatua za kufika huko, na nitakueleza sababu zake ili ukikaa na ndugu zako uwe na la kuwaambia.

Kwanza, jina la ugonjwa limetuponza. Mtu akisikia baridi yabisi anafikiria sakafu ya baridi, maji ya baridi, au mtoto aliyetoka jasho akapigwa na upepo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinacholeta ugonjwa huu. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inaugeukia utando laini uliofunika kiungo kwa ndani. Utando unavimba, unatoa maji kupita kiasi, kiungo kinajaa, kinapata joto na kukakamaa. Unahesabiwa kuwa baridi yabisi ya watoto ukianza kabla ya miaka 16 na kudumu angalau wiki 6 bila sababu nyingine kupatikana. Binti yako hakujiletea kwa kuruka kwake. Kinachoutuliza uvimbe ni dawa, na mazoezi hayawezi kushika nafasi ya sindano hata wiki moja. Lakini sindano nayo haimrudishii mtoto misuli iliyoyeyuka wala goti lililosahau kunyooka. Hiyo ni kazi ya mazoezi peke yake.

Ndugu zako hawakuzua hofu yao. Zamani hata mahospitali yaliwalaza watoto hawa kitandani kwa majuma mengi, miguu imefungwa magango, kwa nia njema ya kupumzisha viungo. Walitoka wakiwa na miguu myembamba, mifupa iliyodhoofika na magoti yasiyofunguka. Mafunzo yamebadilika tangu hapo, lakini yale ya zamani bado yanatembea midomoni mwa watu.

Goti lililojaa maji hupata nafuu likikunjwa kidogo, kwa sababu likiwa hivyo nafasi ya ndani inaongezeka na shinikizo linapungua. Mtoto halazimiki kufikiri. Analikunja tu, usiku na mchana. Wakati huohuo ubongo, ukipokea habari za maji na maumivu, unaizimisha misuli ya mbele ya paja, ile ile inayonyoosha goti. Misuli isiyotumika hunywea haraka. Kano za nyuma nazo zinazoea ufupi wao. Baada ya miezi michache uvimbe umeisha kwa dawa, lakini goti halifunguki lote, na mtoto anachechemea ingawa hasikii maumivu yoyote. Juu ya hayo, gegedu lile linalofunika ncha za mifupa halina mishipa ya damu. Linalishwa na maji ya ndani ya kiungo, na maji hayo huingia na kutoka pale kiungo kinapobanwa na kuachiwa, kama sifongo. Kiungo kisichosogea kinakosa chakula.

Nimewahi kuletewa mvulana wa miaka minane ambaye mama yake alikuwa akimwekea mto chini ya goti kila usiku. Ulikuwa mto laini, umeshonewa foronya yake maalumu, na mtoto alilala vizuri kwa sababu yake. Nilipomlaza chali, ngumi yangu nzima ilipita chini ya goti lile. Tulichukua karibu mwaka mzima kuirudisha nafasi hiyo iwe unene wa kidole. Mama yule hakuwa mzembe hata kidogo. Alifanya kile ambacho huruma ilimwambia. Kwa hiyo kama kuna mto chini ya magoti ya binti yako, utoe leo.

Kisha mpime. Mlaze chali juu ya kitu kigumu, si godoro linalobonyea, miguu ikiwa imenyooka. Ingiza kiganja chako chini ya goti na umwambie, "Ugandamize mkono wangu." Akiweza, utahisi nyuma ya goti ikikubana vidole, na juu ya goti utaona nyama ya paja ikikaza kama ngumi inayofungwa. Mwambie akaze hivyohivyo hesabu tano. Kisigino kikiinuka kidogo, vizuri zaidi. Akishindwa, mkono wako utateleza ndani na nje bila kuguswa. Usilinganishe goti la kulia na la kushoto ukaridhika kwamba yanafanana, kwa sababu kwake yote mawili yaliugua. Linganisha na la mtoto mzima wa umri wake, au na lako mwenyewe. Andika tarehe na ulichohisi: kiganja kizima, vidole viwili, kidole kimoja, au hakuna nafasi.

Kipimo hicho ndicho pia zoezi lake la kwanza. Agandamize mara kumi kila mguu, asubuhi kabla ya kutoka kitandani na usiku kabla ya kulala. Akishamudu, aongeze kuinua mguu mzima ukiwa umenyooka, usawa wa shibiri moja tu, akihesabu hadi tano na kuushusha polepole. Goti likikunjika wakati wa kuinua, ni dalili kwamba misuli haijawa tayari, arudi kugandamiza. Anapotazama televisheni au kusoma, alale kifudifudi dakika kumi au kumi na tano, miguu ikining'inia nje ya ukingo wa kitanda kuanzia juu kidogo ya magoti, uzito wa miguu wenyewe uyanyooshe polepole. Usimvute wala kumkandamiza. Goti linalolazimishwa hujikaza zaidi, na mtoto anayeumizwa na mikono ya mama yake hatakubali tena kesho.

Kifundo cha mguu wengi hukisahau kwa sababu maumivu yake hayapigi kelele. Mtoto mwenye kifundo kigumu hutembea kwa unyayo mzima, bila kusukuma kwa vidole, na goti hubeba mzigo usio wake. Mfanye asimame akishika ukuta, apande kwa vidole vya miguu na kushuka polepole, kwanza kwa miguu yote miwili, baadaye mmoja. Kigimbi kinyooshwe pia: mikono ukutani, mguu mmoja nyuma, kisigino kimegusa chini, goti limenyooka, hesabu thelathini. Halafu mchezo ninaoupenda kuliko yote kwa umri wake: kusimama kwa mguu mmoja wakati wa kupiga mswaki. Wiki ya kwanza atashika sinki, ya tatu ataachia, ya sita atafumba macho huku mtu amesimama karibu. Uvimbe hukipunguzia kiungo uwezo wa kujua kiko wapi bila kuangaliwa, na uwezo huo unafundishika upya. Asiporudishiwa, atateguka mguu uwanjani na watu watasema baridi yabisi imerudi.

Ukiacha kule kulala kifudifudi, hayo yote ni kama dakika kumi na tano kwa siku. Lakini mtoto anahitaji pia kuhema. Watoto wenye ugonjwa huu mara nyingi hawana pumzi kama wenzao, hata wale ambao viungo vimetulia, kwa sababu wamekaa sana. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka kila mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli za kutoa jasho, na siku 3 kwa wiki ziwe na za kuimarisha misuli na mifupa. Mwongozo huo haukuwaacha nje watoto wenye ulemavu. Binti yako hataanza na 60. Aanze na dakika kumi za kutembea haraka au baiskeli, aongeze dakika mbili tatu kila wiki mambo yakienda vizuri. Kiti cha baiskeli kiinuliwe hadi goti linyooke karibu lote pedali ikiwa chini. Kiti kifupi huliweka goti katika hali ileile ya kukunjika tunayoikimbia.

Kuogelea, kama kunawezekana, ni neema. Mtoto akisimama kwenye maji yanayofika kiunoni, miguu inabeba kama nusu tu ya uzito wake, na maji ya uvuguvugu yanalegeza ukakamavu. Ila kuogelea peke yake hakutoshi. Mifupa huimarika kwa kubeba uzito wa mwili na kupokea mshindo, na watoto hawa, hasa waliowahi kutumia steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, kwa muda mrefu, mifupa yao inauhitaji mshindo huo kuliko ya wenzao. Ndiyo maana sikubaliani na ushauri wa "aogelee tu, asiruke kamwe." Aruke, viungo vikiwa vimetulia na misuli ikiwa na nguvu ya kumpokea anapotua.

Sasa lile la kujua mmezidisha. Usipime kwa maumivu ya papo hapo peke yake. Mtoto aliyekaa miezi saba atasikia misuli ikimuuma, na hayo ni maumivu ya kawaida ya mwili unaoamka: yapo kwenye nyama ya paja au kigimbi, pande zote mbili, yanaanza kesho yake na kwisha baada ya siku mbili. Maumivu ya kiungo yapo ndani ya goti lenyewe, yanakuja na joto, kujaa au kukakamaa. Mimi hutumia saa mbili na asubuhi inayofuata. Kama saa mbili baada ya kucheza goti bado linauma zaidi ya lilivyokuwa kabla, au asubuhi amekakamaa kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, mlizidisha. Siku inayofuata mpunguze kwa theluthi au nusu, msiache kabisa. Kama asubuhi ni ileile au nzuri zaidi, kiasi kile kilimfaa.

Kwa hiyo unahitaji kuijua asubuhi yake ya kawaida. Kwa wiki mbili, andikeni kwenye daftari tangu anapoamka hadi anapotembea bila kuchechemea ni dakika ngapi, na jana yake alifanya nini. Daftari awe nalo yeye. Miaka 11 si mdogo. Mwaka ujao au unaofuata hatataka umwulize ulizeulize, na itakuwa vizuri awe ameshajifunza kuusoma mwili wake. Ukurasa mmoja wa namba hizo utamsaidia daktari wake kuliko sentensi yako "siku nyingine analalamika." Ukakamavu wa asubuhi ukiwa unarefuka wiki baada ya wiki hata asipocheza, tatizo si mazoezi. Ugonjwa unaamka na dawa inahitaji kuangaliwa. Nimeona watoto wakikatazwa michezo miezi mizima ilhali kilichotakiwa ni kubadilishiwa tiba.

Asubuhi yenyewe isaidieni. Aoge maji ya moto ya kuvumilika, apeleke kisigino matakoni na kukirudisha mara kumi akiwa bado kitandani, na aamke mapema kidogo ili asikimbizwe. Akiwa na siku ya kichefuchefu baada ya methotreksati, siku hiyo iwe ya mazoezi ya kitandani tu. Wengine huchagua kuchoma sindano jioni ya kuamkia siku ya kupumzika, ili kichefuchefu kisikutane na mechi; liulize hilo kwa daktari.

Siku ya goti kuvimba tena itakuja, na isikukatishe tamaa. Siku hizo hakuna kukimbia wala kuruka. Yabaki mambo mawili: kugandamiza kiganja bila kusogeza kiungo, na kukunja na kukunjua polepole hadi mwisho wa uwezo wake, mara mbili tatu kwa siku, ili njia isizibe. Kitambaa chenye barafu dakika kumi kinaweza kumtuliza. Akiwahi kuchomwa steroidi ndani ya goti, apumzishe mguu siku moja au mbili kama atakavyoelekezwa, kisha aanze upya mara moja, maana dirisha hilo la goti kuwa jepesi ndilo la kuirudishia misuli nguvu.

Kwa wazazi wengine watakaosoma hapa, viungo vingine vina mashariti yake. Mtoto ambaye shingo yake imeguswa asipige sarakasi, asisimame kwa kichwa, wala kuruka majini kwa kichwa hadi daktari aione picha ya shingo. Mwenye taya apanue mdomo mara kumi asubuhi na jioni mbele ya kioo, akitazama kidevu kisikimbilie upande mmoja. Mwenye kifundo cha mkono akipoteza kukunja kiganja kuelekea nyuma, hilo litafutiwe tiba mapema. Na wale wenye aina inayokuja na homa na vipele mwili mzima wasifanye mazoezi mazito wakati wa homa, kwa sababu aina hiyo huweza kugusa utando wa moyo.

Nirudi kwa netiboli, kwa kuwa najua ndiyo inayomliza. Ni mchezo mgumu kwa magoti: anadaka mpira hewani, anatua, na sheria haimruhusu kuendelea kukimbia nao, lazima asimame papo hapo. Tatizo liko kwenye kusimama huko. Kabla ya kurudi, ningetaka mambo manne yaonekane: magoti yote mawili yanagandamiza kiganja, anachuchumaa nusu mara kumi bila magoti kuingia ndani kugusana, anasimama kwa mguu mmoja hesabu ishirini, na anaruka mahali pamoja mara kumi, akitua kimya. Sikiliza kwa masikio. Anayetua kwa kishindo anatua kwa goti lililonyooka, na mshindo wote unaingia kwenye kiungo. Anayetua kimya anakunja nyonga, goti na kifundo pamoja, na misuli inabeba.

Akifaulu, aende mazoezini wiki mbili za kupasiana na kulenga goli tu. Kisha acheze robo moja ya mchezo, akiwa mfungaji. Mfungaji haruhusiwi kutoka nje ya theluthi yake ya uwanja, kwa hiyo anakimbia kidogo kuliko mchezaji wa katikati, naye bado anagusa mpira na kuhesabiwa kwenye timu. Baadaye robo mbili, na nafasi nyingine polepole. Kati ya siku mbili za kucheza iwepo moja ya kupumzika. Mpango huu mwonyesheni daktari na, akiwepo karibu, mtaalamu wa tiba ya viungo amguse mtoto mwenyewe, kwa sababu mimi sijamwona.

Mwandikie mwalimu wake wa michezo kwa kifupi: mtoto anaruhusiwa kucheza, apewe dakika kumi za kupasha mwili moto kabla ya wengine kuanza kasi, aruhusiwe kutoka mwenyewe bila kuombewa ruhusa, na asitangazwe mbele ya wenzake kuwa mgonjwa. Mwalimu wa darasa naye amruhusu kusimama na kujinyoosha kila nusu saa, kwa kuwa kukaa magoti yamekunjwa tangu asubuhi hadi mchana kunamkakamaza kuliko mechi.

Kuna mambo mawili ya kukufanya uache kusoma na kwenda hospitali. Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikiwa chekundu na cha moto sana, mtoto ana homa na hataki kukanyaga, mpeleke siku hiyohiyo. Huenda ni maambukizi ndani ya kiungo, na hayo hayasubiri. La pili halina dalili: ugonjwa huu, hasa kwa watoto wenye viungo vichache kama binti yako, huweza kuvimbisha ndani ya jicho bila maumivu wala wekundu na kuharibu uwezo wa kuona. Kama hajapimwa macho kwa darubini ya daktari wa macho tangu agunduliwe, omba miadi wiki hii, na uulize arudi kila baada ya muda gani.

Leo jioni anza na kiganja chini ya goti. Mwache yeye ndiye aandike mstari wa kwanza kwenye daftari, na juu ya ukurasa aandike nafasi anayotaka kucheza.